Wazazi Wanasema, Direkta Hayuko Pale

"Wazazi wa wakimbizi hawafuatilii masomo ya watoto wao." Sentensi hii nimeisikia Kinama, nimeisikia Buyenzi, nimeisikia pia katika ofisi za mashirika. Inasemwa na watu wazuri tu, watu waliochoka. Inasemwa hasa siku ile mkutano wa wazazi umeitishwa, viti 100 vimepangwa, wakaja watu 14. Direkta anaangalia viti, anatikisa kichwa, anaandika kwenye ripoti: wazazi hawajali. Ripoti inapanda juu, na ikifika huko juu inageuka kuwa ukweli.

Mimi napinga. Kazi yangu ni kukaa na vijana wa kartye za huku kaskazini mwa Bujumbura, na ukikaa na kijana unakaa na mama yake, na baba mdogo wake, na jirani aliyemlea. Watu hao wanazungumza juu ya shule kila siku, tena wanazungumza sana. Wanazungumza sokoni, kwenye foleni ya maji, nje ya kanisa baada ya ibada, barazani baada ya swala. Wanajua mwalimu gani anafundisha vizuri na yupi anakuja akinuka pombe. Wanajua darasa gani linavuja. Kitu kimoja tu kinakosekana katika mazungumzo hayo: direkta hayuko pale. Na pale alipo yeye, kwa saa aliyoichagua yeye na kwa lugha anayoitaka yeye, wao hawawezi kuwa.

Tuanze na saa. Mkutano unaitishwa saa 3 asubuhi, siku ya kazi. Sasa fikiria mama anayeuza ndagala Ruvumera. Mkimbizi wa mjini hapati mgao wa chakula kama aliye kambini, anakula alichouza. Akifunga meza yake asubuhi ile, jioni watoto wanalala na maji ya moto. Wewe unamwita achague kati ya mkutano na chakula, halafu akichagua chakula unaandika kwamba hajali watoto. Mama mmoja aliniambia bila hata kukasirika: "Niko na soko asubui, niende namna gani? Bangeniita saa kumi na mbili ningefika." Saa kumi na mbili jioni direkta ameshafika kwake zamani.

Halafu lugha. Barua ya shule inakuja kwa Kifaransa, na mara nyingine kwa Kirundi. Anayeipokea ametoka Uvira, Fizi, Bukavu, au milima ya Minembwe. Mnyamulenge ataelewa Kirundi akisikia, sababu lugha zinafanana. Lakini Mbembe hataokota kitu, na Mfulero aliyefika mwaka jana bado anapapasa. Basi barua inasomwa na nani? Inasomwa na mtoto. Na kama barua inasema mtoto amekosa masomo siku 9, unadhani mtoto atasoma hivyo? Atasoma kwamba shule inawasalimia. Mtuhumiwa ndiye mkalimani. Nimecheka sana juu ya jambo hili, lakini si la kuchekesha: kuna wazazi waliojua kwamba mtoto ameacha shule baada ya muhula mzima, na shule inaapa kwamba iliwaandikia barua tatu.

Wala hatuombi muujiza hapa. Kiswahili si lugha ya kutafuta kwa tochi Bujumbura. Buyenzi nzima inaamka nacho na inalala nacho. Kinafundishwa darasani katika Ecofo zetu. Sijaona shule ya mji huu isiyokuwa na mwalimu mmoja anayeweza kuandika mistari mitano ya Kiswahili chini ya ile ya Kifaransa. Ni dakika kumi za kazi. Zisipofanyika, tatizo si uwezo.

La tatu ndilo linaloumiza zaidi. Wale 14 waliofika, waliambiwa nini? Waliambiwa kuna mchango wa kukarabati dawati, kuna mchango wa mlinzi, inifomu za kaki zilizochakaa hazitakubaliwa tena, na watoto wachelewaji watafungiwa geti. Mwishoni direkta akauliza, "Kuna swali?" huku ameshashika funguo za pikipiki. Baba mmoja akaniuliza tukitoka: "Juu ya nini batuite, wakati bamekwisha kuamua?" Sikuwa na jibu. Kuita watu uwatangazie ni kazi ya megafoni. Kusikiliza ni kitu kingine.

Kuna wanaosema mambo haya ni mageni kwa wazazi wetu, kwamba huko walikotoka hawakuzoea kushauriwa. Si kweli. Kongo kila shule inatakiwa kuwa na komite ya wazazi, COPA, pamoja na COGES ya kusimamia mali ya shule. Wengi wa wazazi hawa walikuwa wajumbe huko. Wengine walikuwa marais wa komite, walikagua daftari la pesa, walimwita prefe ajieleze. Miaka mingi kabla serikali ya Kinshasa haijatangaza masomo ya bure ya shule za msingi mwaka 2019, ni wazazi waliokuwa wanatoa pesa ya kuongezea mshahara wa mwalimu, na mahali pengine pesa yao ndiyo iliyokuwa mshahara wenyewe. Mzazi aliyelipa alisikilizwa. Hakuna prefe aliyethubutu kusema wazazi hawajali, sababu wangefunga mfuko na shule ingefunga mlango.

Hapo ndipo ninapotaka tuangalie vizuri. Mzazi yule yule aliyevuka Rusizi akaja hapa ni mtu yule yule. Kilichobaki ng'ambo ni pesa yake, shamba lake na jina lake. Kumbe sikio la shule lilikuwa linafuata mfuko. Hapa mfuko ni mtupu, na sikio limefungwa. Kisha tunaambiwa kwamba ni mzazi aliyenyamaza.

Na gharama ya kutosikiliza analipa nani? Nitaeleza jambo moja nililoliona kwa macho yangu, bila kutaja shule. Msichana wa miaka 13, mwenye akili nzuri, biletini yake haikuwa na rangi nyekundu, akaanza kukosa shule. Kwanza siku mbili mbili kila mwezi, baadaye wiki nzima. Shule ikaandika: familia haifuatilii, labda wanataka kumwoza. Nilipofika kwao, mama yake akanieleza kwa maneno machache. Choo cha wasichana hakina mlango. Wavulana wanapita wanachungulia. Msichana akiwa katika siku zake, haendi. Nikauliza, "Mama, shule mmeiambia?" Akasema ndiyo, tumeiambia. Nani? Zamu wa getini. Tena si yeye peke yake: wazazi watatu walikuwa wamemwambia zamu yule, na mama anayeuza maandazi mbele ya geti alijua habari yote, na majina ya wavulana pia.

Angalia basi. Jamii ilisema. Ilisema mara tatu, tena katika uwanja wa shule. Ilimwambia mtu wa shule ambaye anaongea lugha yao, anayesimama wima akiwasalimia, asiyewauliza wana miadi. Lakini hakuna aliyewahi kumuuliza zamu, "Wazazi wanasema nini wiki hii?" Mlango wa choo ni mbao nne na bawaba mbili. Msichana yule amepoteza mwaka.

Najua pia kwamba kuna mambo ambayo mzazi hatayasema hadharani hata ukimletea kiti cha sofa. Watu waliokimbia vita wanaogopa orodha. Wameona jina likiandikwa leo na mtu akitafutwa kesho. Hapa hapa Gatumba, kilomita chache kutoka mjini, usiku wa 13 Agosti 2004 wakimbizi zaidi ya 150 waliuawa katika kambi ya muda, na kuna familia Bujumbura ambazo bado zinaomboleza. Wengine wamefika juzi tu, tangu Februari 2025, wakati makumi ya maelfu ya watu walipovuka kutoka Kivu ya Kusini. Mtu kama huyo ukimpa karatasi aandike jina, kartye, namba ya simu, halafu malalamiko juu ya mwalimu, atakuambia kila kitu ni kizuri, asante sana. Hakudanganyi, anajilinda. Kwa hiyo direkta anayesema "hapa kwangu hakuna malalamiko" asijisifu. Huenda hakuna malalamiko. Huenda pia hakuna anayemwamini.

Na Burundi haipaswi kufundishwa somo hili na sisi wageni, sababu imeshalisoma katika mwili wake. Warundi waliokimbilia Tanzania mwaka 1972 waliishi Ulyankulu, Katumba na Mishamo zaidi ya miaka 30. Watoto wao na wajukuu wao walisoma kwa Kiswahili katika shule za Tanzania. Kati ya 2008 na 2009 zaidi ya watu 50,000 kati yao walirudi nyumbani, na watoto wakakuta shule inayosema Kirundi na Kifaransa. Wengine walirudishwa madarasa ya chini, vijana wenye ndevu wakakaa na watoto wadogo. Hawakuwa wajinga, walikuwa wanajua mambo katika lugha ambayo shule haikutaka kuyasikia. Baadhi ya watoto hao ni wazazi leo, ni walimu leo, na sitashangaa kama kuna direkta mmoja kati yao. Yeye angeelewa mara moja mtoto wa Bukavu aliyemaliza darasa la nne, akafika hapa akawekwa la pili, akanyamaza hadi alipoacha.

Tumelelewa na methali kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sawa. Lakini wazee wetu walikuwa na nyingine ambayo wakuu hawaipendi kuikumbuka: mkubwa ni jalala. Maana yake ukiwa mkubwa, yote yanatupwa kwako, matamu na machungu, na huna ruhusa ya kuziba pua. Na nchi hii inayotupokea ina bashingantahe. Mushingantahe hakupewa heshima kwa sababu ya sauti kubwa. Alikaa chini, akasikiliza upande huu mpaka mwisho, akasikiliza upande ule mpaka mwisho, akawasikia mashahidi, akashauriana na wenzake, ndipo akatamka mbele ya wote. Mambo mawili hapo: hakutamka kabla ya kusikia, na baada ya kusikia hakuondoka kimya. Alirudi na neno. Direkta akitaka mfano wa kuongoza, asiutafute mbali, uko juu ya kila kilima.

Sasa najua direkta atajibu nini, na sitaki kumwonea. Atasema: mimi mwenyewe sisikilizwi. Amri zinatoka juu, kwa inspekta na kwa wizara. Niko na darasa la watoto karibu 100, madawati ya watoto 40, mshahara usiofika mwisho wa mwezi. Programu sichagui mimi, walimu sichagui mimi, na wakimbizi wanaongezeka. Wazazi wakiniomba vitu nisivyo navyo, nifanye nini?

Ni kweli, na mtu anayemlaumu direkta bila kuona hayo hajawahi kuingia shule ya Kinama. Lakini, Bwana direkta, Mama direkta, hatukuombi unachonyimwa. Saa ya mkutano iko mikononi mwako. Lugha ya barua iko mikononi mwako. Kumuuliza zamu iko mikononi mwako. Mlango wa choo, kama si pesa zako, basi ni seremala mmoja kati ya baba 20 wa shule yako ambaye angekuja Jumamosi na nyundo yake kama angeombwa. Mzazi akiomba kitu usichoweza, mwambie: hiki siwezi, sababu ni hii, nimekipeleka kwa fulani. Maskini hakasirishwi na "siwezi". Anakasirishwa na kimya. Na wewe pia unafahamu hivyo, maana ndivyo unavyojisikia ukiandika barua kwenda juu na jibu halirudi.

Ndugu zetu wa mashirika nao wasikae pembeni wakitikisa vichwa, kana kwamba maneno haya ni ya shule tu. Mnatukusanya kwa makundi, wamama huku, vijana kule. Mnauliza maswali mazuri, mnaandika kwenye karatasi kubwa, mnapiga picha, mnatoa soda. Miezi inapita. Halafu anakuja mwingine, na koti lenye nembo nyingine, anauliza maswali yale yale. Nani aliwahi kurudi akasema, "Mlituambia mambo saba, mawili tumeyafanya, matano hayakuwezekana kwa sababu hii"? Mnatundika sanduku la maoni kwa watu ambao nusu yao hawaandiki, mnalifunga kufuli, na ufunguo uko Rohero. Wakati huo huo kwenye rafu zenu kuna viwango vya INEE vya elimu wakati wa dharura, na katika viwango hivyo ushiriki wa jamii umewekwa kwenye msingi, kabla ya madarasa na kabla ya walimu. Hatukuvitunga sisi. Tunaomba mvisome tena, mara hii kwa sauti.

Kambini maneno haya yana uzito wake pia. Kavumu, Bwagiriza, Musasa, Nyankanda, watoto wanafuata programu ya Kongo. Sisi wa mjini watoto wetu wanaingia programu ya Burundi. Kila njia ina sababu zake. Anayetarajia kurudi anataka mtihani wa kwao. Anayeona atabaki anataka Kirundi na konkuru ya hapa. Huo ni uamuzi unaogusa maisha yote ya mtoto. Ninapotembelewa na vijana wa kambini nawauliza, wazazi wenu waliulizwa? Wengi wanacheka kwanza kabla ya kujibu.

Na sisi wenyewe tusijifiche. Kuna viongozi wa komite zetu za wakimbizi wanaokwenda ofisini kusema "jamii inasema hivi" wakati jamii haijasema kitu. Wamesema wao na shemeji zao. Direkta akimsikiliza mwenyekiti peke yake, amesikiliza mtu mmoja. Wanawake hawapo katika neno lile, wala wajane, wala familia iliyofika juzi isiyokuwa na mtu wa kabila lake kwenye komite. Na watoto wenyewe? Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, kifungu cha 12, unampa mtoto haki ya kusema maoni yake katika mambo yanayomhusu na maoni hayo yazingatiwe. Hakuna jambo linalomhusu mtoto kuliko shule anayoshinda ndani yake kila siku. Yule msichana wa miaka 13 hakuna aliyemuuliza. Waliuliza kuhusu yeye.

Basi tunataka nini? Tunataka mambo matano, na hakuna hata moja linalohitaji mradi.

Mkutano ufanyike jioni au Jumapili alasiri, na mara moja kwa muhula usifanyike shuleni kabisa: direkta aje kartye, akae kwenye benchi letu, wazazi wawe wenyeji na yeye awe mgeni.

Kila barua iwe na Kiswahili chini yake, na isiyosomeka isomwe kwa mdomo getini na mtu mzima, si na mtoto anayehusika.

Nusu ya kwanza ya mkutano iwe ya wazazi kusema na direkta kuandika. Matangazo na michango yaje baadaye.

Pawe na mtu ambaye si mwalimu wala si wa komite, mwanamke anayeaminika, ambaye mzazi au msichana atamwambia mambo ya aibu bila jina kuandikwa popote. Mambo ya kupigwa na ya kushikwa-shikwa yasisubiri mkutano.

La tano ndilo linaloyabeba yote: jibu lirudi. Kabla ya mkutano mpya kuanza, yasomwe yaliyosemwa mkutano uliopita, moja moja, na kila moja lipewe neno lake: limefanyika, halijafanyika, haliwezekani. Mzazi akiona neno lake limerudi mara mbili, mara ya tatu atafunga meza ya ndagala mapema mwenyewe, na ataleta jirani yake.

Mwisho wa muhula huu, Bwana direkta, chukua kaye, fungua ukurasa mmoja. Andika mambo matatu yaliyobadilika katika shule yako kwa sababu mzazi fulani alisema. Si mambo uliyowatangazia, bali waliyokuambia wao. Ukipata matatu, tuite tuje tupige makofi, tena tutakuja wengi. Ukurasa ukibaki mweupe, basi ule mstari wa ripoti, "wazazi hawajali", ufute, uandike jina la anayestahili.